Maji Kwanza, Barakoa Mwisho

Agosti 1930, madaktari na wakaguzi wa kazi kutoka nchi mbalimbali walikaa Johannesburg kwa wiki mbili, wakiwa wameitwa na Shirika la Kazi Duniani. Ajenda ilikuwa moja: vumbi la mwamba linaloua wachimbaji. Mji haukuchaguliwa kwa bahati. Migodi ya dhahabu ya Witwatersrand ilikuwa imekwisha kuzika vijana wengi, na Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya kuwafidia wagonjwa wa vumbi tangu 1911, ingawa ilimpendelea mzungu waziwazi. Wajumbe walipoagana, ubishi wa kitaalamu ulikuwa umekwisha. Vumbi la silika likivutwa na pumzi huharibu mapafu, ugonjwa wake unaitwa silikosisi, na vumbi hilo linazuilika.

Wakati huohuo, katika milima ya West Virginia nchini Marekani, vijana walikuwa wanaingia chini ya mlima Gauley kutoboa handaki la karibu kilomita 5. Kazi ilikuwa imeanza mwishoni mwa Machi mwaka uleule. Maji ya mto New River yalikuwa yapitishwe ndani ya mlima, yakazalishe umeme wa kiwanda cha kuyeyushia madini cha kampuni ya Union Carbide. Mkandarasi, Rinehart & Dennis, aliajiri karibu watu 3,000 wa kufanya kazi chini ya ardhi. Takriban robo tatu yao walikuwa Wamarekani weusi waliotoka majimbo ya kusini kutafuta riziki katika miaka ile ya mdororo mkuu wa uchumi.

Mwamba wa Hawks Nest, kama mahali pale panavyoitwa, ulikuwa na silika nyingi ajabu. Sehemu nyingine ilikuwa karibu silika tupu. Kiwanda kiliihitaji kwa kazi zake, hivyo handaki likapanuliwa pale ilipokuwa nyingi zaidi. Wenye kazi walijua kilichomo ndani ya jiwe. Walikipima, wakakifurahia, wakakipeleka tanuruni. Aliyekuwa anakivuta kwa pumzi hakuambiwa kitu. Mwamba ulichorongwa ukiwa mkavu, kwa sababu kuchoronga kwa maji kulipunguza kasi. Baada ya baruti kulipuka, watu walirudishwa ndani kabla vumbi halijatua. Januari 1936, kamati ndogo ya Bunge la Marekani ilisikiliza mashahidi wakieleza jinsi vumbi lilivyokuwa zito hata taa hazikusaidia, na jinsi wahandisi walivyoingia kukagua wakiwa na barakoa huku wachimbaji wakiwa hawana.

Wengi wa vijana wale hawakufikisha mwaka kazini. Walianza kukohoa na kukonda, wakaambiwa ni homa ya mapafu, na waliposhindwa kazi wakaondolewa kambini. Ubao wa kumbukumbu uliowekwa baadaye kando ya barabara unataja vifo 109. Daktari Martin Cherniack, aliyepekua rekodi zilizobaki na kuchapisha kitabu mwaka 1986, alikadiria 764. West Virginia ilipotunga sheria ya fidia ya silikosisi mwaka 1935, iliiandika kwa namna iliyowaacha nje watu walewale walioifanya sheria hiyo ihitajike.

Nimelirefusha hili la Hawks Nest kwa sababu hakuna kilichotokea pale kwa kukosa maarifa. Mashine ya kuchoronga inayopitisha maji ndani ya chuma chake, yakatokea kwenye ncha na kulilowesha vumbi kabla halijapaa, ilikuwa imebuniwa na George Leyner huko Colorado kiasi cha miaka 30 kabla ya handaki lile. Mabomba ya kusukumia hewa safi yalikuwepo. Ripoti za madaktari zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema kazi isimame hadi maji yafike.

Msimamo wangu ni huu. Vumbi la silika ni mali ya mwenye mradi, sawa na kifusi kinachotoka kwenye handaki lake. Ni juu yake kulikamata pale mwamba unapokatwa, kabla halijafika kwenye pua ya mtu, na wajibu wake usiishe siku mkataba wa kibarua unapoisha. Mengine yote tunayofanya, pamoja na kugawa barakoa, yaje baada ya hilo.

Tuangalie kwanza kinachotokea kifuani. Chembe kubwa za vumbi hunaswa puani na kooni, mtu akazitema. Chembe zinazoua hazionekani kwa macho. Ni nyembamba mara nyingi kuliko unywele, na hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya hewa. Huko askari wa mwili huzimeza kama wanavyomeza bakteria, lakini jiwe haliyeyuki. Seli iliyomeza chembe hufa na kuiachia, nyingine huja kuimeza, nayo hufa. Kila mara linabaki kovu, na pafu lenye makovu halikunjuki vizuri hewa inapoingia. Mtu hupungukiwa pumzi akipanda kilima, kisha akitembea tambarare, kisha akivaa shati. Hakuna dawa inayoondoa kovu hilo. Ugonjwa huendelea hata aliyeugua akiwa ameacha kazi zamani na amerudi kijijini kulima.

Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza. Pale vumbi linapokuwa jingi sana huweza kuja baada ya miaka michache, na likizidi mno, ndani ya miezi, kama ilivyokuwa Hawks Nest. Wachimba mahandaki wako pabaya kuliko wafanyakazi wengi, kwa sababu jiwe lililovunjwa sasa hivi lina ukali kuliko vumbi lililokaa, na wao hulivuta likiwa bichi, mahali pasipo na upepo wa kulipeleka popote. Juu ya hayo, mapafu yenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi mkubwa. Na tangu 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi hili la silika katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Ni kiasi gani kinatosha kudhuru? Tangu 2016 Marekani imeweka kikomo cha miligramu 0.05 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa zamu ya saa 8, na Australia ikashuka hadi kiwango hichohicho mwaka 2020. Mtu anayefanya kazi huvuta takriban mita 10 za ujazo katika zamu moja. Piga hesabu: kikomo cha siku nzima ni nusu miligramu, karibu uzito wa punje moja ya sukari. Wengi wetu tunadhani hewa ni salama tukiona taa ya upande wa pili wa handaki. Taa inaweza kuonekana vizuri kabisa na kikomo kikawa kimepitwa tangu asubuhi. Ndiyo maana handaki lisilo na kipimo cha vumbi halina ushahidi wowote wa usalama, hata kama msimamizi ni mtu mwema.

Nchi tajiri nazo zimejikwaa hapa. Sydney imejengwa juu ya mawe ya mchanga yenye silika tele, na kwa miaka mingi imekuwa ikichimba mahandaki ya barabara na reli. Mwaka 2025 zilitoka habari za wafanyakazi zaidi ya kumi wa mradi mmoja wa handaki waliokutwa na silikosisi, mmoja wao akiwa na miaka 32. Huko kuna sheria, vyama imara vya wafanyakazi, maabara na mawakili. Ni nchi ileile iliyopiga marufuku mawe bandia ya meza za jikoni kuanzia Julai 2024, kwa sababu vijana waliokuwa wakiyakata walikuwa wanakufa. Kama vumbi linapenya huko, sisi tusijidanganye kwamba kofia ngumu na kizibao kinachong'aa vinatosha.

Sasa barakoa. Nenda eneo lolote la mawe kwetu, uliza kuhusu vumbi, utaonyeshwa boksi la barakoa. Mara nyingi ni zile za kitambaa au za bluu za hospitalini, ambazo chembe za silika huzipita kana kwamba hazipo. Hata barakoa sahihi, ile ya kuchuja chembe ndogo, hufanya kazi tu ikiwa imebana uso pande zote, haina ndevu katikati, ni kavu, na inabadilishwa kwa wakati. Mpe kijana anayeshika mashine nzito kwenye joto la chini ya ardhi, anayetoka jasho, anayelazimika kupiga kelele ili mwenzake amsikie. Saa ya pili ataishusha kidevuni. Hapo tutamwita mzembe, na faili la ajali litafungwa kwa neno hilo. Kinga inayotegemea mtu aliyechoka asikosee hata dakika moja kwa saa 8 ni kumtwisha yeye mzigo wa aliyempa kazi.

Kinga yenyewe huanza kwenye mwamba. Maji yapite ndani ya chuma cha kuchorongea. Kifusi kinyunyiziwe baada ya mlipuko na kabla ya kupakiwa, na watu wasiingie hadi moshi na vumbi vitoke kwa muda uliopangwa na kuandikwa. Bomba la hewa lisogezwe kila handaki linaposonga, kwa sababu feni iliyobaki mita mia nyuma inapoza watu wasio na shida. Waendesha mitambo wakae ndani ya kibanda kilichofungwa chenye hewa iliyochujwa. Sakafu isafishwe kwa maji, ufagio mkavu upigwe marufuku, na asiwepo mtu anayejipuliza nguo kwa kompresa wakati wa kutoka. Nguo za kazi zifuliwe pale pale. Mke anayezikung'uta uani nyumbani hajaajiriwa na mkandarasi, na watoto wanaocheza pembeni yake hawajaajiriwa pia.

Haya yote yakishafanyika, na kipimo kinachovaliwa kolani kikaonyesha bado kuna kilichobaki, hapo barakoa nzuri ina nafasi yake.

Nijuavyo, pingamizi kubwa si bei ya maji. Ni kasi. Handaki hulipwa kwa mita, msimamizi hupimwa kwa mita, na kibarua naye huahidiwa kitu kidogo zamu ikivuka mita fulani. Maji hupunguza mwendo kidogo, huleta matope, humlowesha mchorongaji, na hata yeye mwenyewe huyachukia akiwa hana buti wala koti la mvua. Kwa mkandarasi wa namna hiyo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kijana huyu akianza kukohoa, getini kuna foleni. Ndiyo sababu siamini katika kuwabembeleza wakandarasi. Naamini katika mkataba.

Kanda yetu inachimba. Reli ya kisasa ya Tanzania imepita kwenye mahandaki katika milima ya Kilosa. Reli ya Kenya ilipita chini ya Ngong kwa handaki la kilomita 4.5. Maji ya Nairobi yamechimbiwa handaki la kilomita 11.8 huko Murang'a. Mingine itakuja, kwa sababu milima yetu haihami na treni hazipendi kona. Katika kila mradi wa aina hii serikali ndiyo mteja, na mteja ana kalamu kabla ya mtu mwingine yeyote. Gharama za kuzuia vumbi ziwe na mstari wake katika jedwali la gharama za zabuni, zilipwe kamili, ili anayetaka kushinda kwa bei ya chini asizikate humo. Vipimo vya vumbi vya kila wiki vibandikwe getini kwa Kiswahili, mahali ambapo kibarua anapita, na nakala iende kwa mkaguzi wa serikali. Kikomo kikipitwa, kazi ya sehemu ile isimame, na siku hiyo isihesabiwe kuwa kosa la wafanyakazi wala kukatwa kwenye ujira wao. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya 2007. Wakaguzi wapo kisheria. Wanachohitaji ni vipimo mikononi na uhakika kwamba mkuu wa mkoa hatawapigia simu kwa sababu tarehe ya uzinduzi inakaribia.

Lakini ningekosa uaminifu kama ningeongelea mahandaki ya serikali tu, nikanyamaza kuhusu Mererani. Kule Simanjiro kuna mahandaki mengi kuliko ya reli zetu zote, yanayoteremka mamia ya mita kufuata tanzanaiti. Wanaapolo, kama wachimbaji wa kule wanavyoitwa, huyachimba kwa mashine za kompresa, mara nyingi kwenye jiwe kavu, katika njia nyembamba ambako mtu hupita akiinama. Watafiti waliopima vumbi lao, kuanzia zaidi ya miaka 20 iliyopita, walikuta viwango vinavyopita vikomo vya kimataifa kwa mbali sana. Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, iko wilaya ya Siha, si mbali na hapo, na madaktari wake wamekuwa wakiwapokea vijana wenye mapafu ambayo umri wao hauyaelezi. Silikosisi na kifua kikuu hufanana sana kwenye picha ya kifua. Kijana anaweza kupewa dawa za kifua kikuu, akamaliza, akarudi bado anakohoa, akaanzishiwa tena, na hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani.

Wanaapolo wengi hawana mshahara. Hulishwa na mwenye mgodi, husubiri mawe yatoke, kisha hugawana kwa makubaliano ya mdomo. Jiwe lisipotoka, mtu anakuwa amefanya kazi miezi kadhaa kwa ugali na maharage. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 huchangiwa na waajiri, na huyu kwenye karatasi hana mwajiri. Akianza kukohoa damu, ugonjwa wake hauna mwenyewe.

Najua jibu litakalotolewa: Simanjiro ni kukame, maji hununuliwa kwa boza, wachimbaji wadogo hawana mtaji. Ni kweli kwamba maji ni ghali pale. Ni kweli pia kwamba mwaka 2018 serikali ilimaliza kujenga ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo hayo, kazi iliyofanywa na jeshi ndani ya miezi michache, ili tanzanaiti isitoroshwe. Siupingi ukuta, jiwe ni mali ya taifa. Ila taifa lililoweza kuzungushia jiwe ukuta kwa haraka namna ile linaweza kuvuta bomba la maji hadi kwenye midomo ya migodi, na kuweka sharti kwamba mashine isiyo na njia ya maji haipiti getini. Geti lipo, na kila mashine inapekuliwa pale. Sijui kizuizi kingine kilicho rahisi kukitumia kama hicho.

Limebaki la baada ya kazi, ambalo kwangu ndilo linalouma zaidi. Wapo wazee wa Rungwe na Kyela waliokwenda Wenela, yaani kwenye migodi ya Afrika Kusini, wakarudi na baiskeli, cherehani na kikohozi. Walikufa kikohozi kile kikiwa hakijapewa jina. Kule walikokuwa wakichimba, kesi ya pamoja ya wachimbaji wa dhahabu ilifikia suluhu mwaka 2018, na mwaka uliofuata mahakama ikaidhinisha makampuni sita kutenga takriban randi bilioni 5 kwa ajili ya wagonjwa na familia zao. Suluhu hiyo inawahusu waliofanya kazi kuanzia Machi 1965. Aliyetangulia, na Watanganyika wengi walitangulia, hana chake humo. Hata wanaostahili wanahangaika kutafuta rekodi za kazi za miaka 40 iliyopita, huku wajane wakiulizwa vyeti ambavyo waume zao hawakuwahi kupewa.

Kibarua wa handaki la leo asipitie njia hiyo. Apigwe picha ya kifua na kupimwa nguvu ya pumzi kabla ya kuingia, kila mwaka akiwa kazini, na siku anapoondoka, na majibu yawe yake, mkononi, pamoja na barua inayosema alifanya kazi wapi, muda gani, kwenye jiwe la aina gani na vumbi la kiwango gani. Kila zahanati na hospitali ya wilaya iwe na swali la kazi kwenye fomu ya mgonjwa wa kifua. Muda wa kudai fidia uhesabiwe kuanzia siku daktari anapoutaja ugonjwa, bila kujali kazi iliisha lini. Na fedha za kuwafuatilia watu hawa kwa miaka 20 zitolewe na mradi mwanzoni, ziwekwe kwenye mfuko, kwa sababu mkandarasi atakuwa ameshafunga kambi na kurudi kwao.

Mwaka 1995 Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani yalijiwekea lengo la kuifuta silikosisi duniani ifikapo 2030. Handaki kubwa huchukua miaka mitano, kuanzia zabuni hadi zulia jekundu. Nyaraka za zabuni ambazo wizara zetu zinaziandaa sasa ndizo zitakazoonyesha kama tulilichukua lengo hilo kwa uzito, na bado zinaweza kurekebishwa.